Qul au kul? Msahafu wa kwenye simu na makoo ya Mbulu

Wiki hii tuanze na neno moja dogo sana. Kwa Kiarabu lina herufi mbili tu, qaf na lam, na husomwa "qul". Maana yake ni "sema". Ndilo linaloanza zile sura fupi ambazo kila mtoto wa madrasa huzijua kabla hajajua kufunga viatu, Ikhlas, Falaq na Nas. Sasa iondoe hiyo qaf inayogonga huko nyuma kabisa ya koo, weka kaf ya kawaida, hii k yetu ya kuku na kaka. Neno linageuka "kul". Maana yake ni "kula". Yaani amri kabisa, kama mama anavyomwamrisha mtoto aliyesusa ugali.

Umeiona kasheshe hiyo? Mtu katia udhu, kasimama, kafunga mikono, anadhani anasema "sema", kumbe anaalika watu mezani.

Mambo haya nimeyakuta Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang, pale chini ya mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Ilikuwa baada ya Alasiri. Vijana watatu wamekaa kijiweni nje ya duka la vipuri vya bodaboda, mmoja ameshika simu janja anasoma kwa sauti sura iliyoandikwa kwa herufi zetu hizi za a, e, i, o, u. Akapita mzee mmoja mwenye kofia ya kiua, akasimama.

"Mwanangu, unasoma nini?"

"Kurani, shekhe."

"Hapo ulipoanzia pana chakula. Rudia."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akadondosha karanga. Mwenye simu hakucheka. Akaigeuza ile simu, akamwonyesha mzee kioo. "Lakini shekhe, ndivyo ilivyoandikwa hapa."

Ndivyo ilivyoandikwa hapa! Jamani, hilo jibu nimelala nalo siku tatu. Kijana hakuwa mkaidi. Alikuwa anasema kweli. Hapo alipopata Kurani yake ndivyo ilivyoandikwa, na hajawahi kuipata mahali pengine.

Kwa msomaji wa Kariakoo au Ngamiani hili linaweza kukushangaza. Ninyi huko kila mtaa una msikiti na kila msikiti una chuo, na mtoto akikwepa madrasa anakutana na maalim wake gengeni. Njoo huku juu uone. Mbulu ni nchi ya makanisa. Kuna Jimbo Katoliki la Mbulu, kuna Walutheri na hospitali yao ya Haydom, na Waislamu wapo, ila wachache. Wengi utawakuta mijini na kwenye vituo vya biashara, wengine wana asili ya Kondoa na Singida, wengine wamesilimu wao wenyewe au wameolewa. Ukitoka hapo ukaenda vijijini, upande wa Basotu au kule bonde la Yaeda, kijana anaweza kuwa Mwislamu peke yake katika rika lake. Madrasa ipo mbali, nauli ya bodaboda si mchezo, na mvua ikinyesha ule utelezi wa Mbulu nisikusimulie.

Kwa hiyo simu ilipofika ilikuwa ukombozi, tusiizibe midomo. Mwanzo ilikuwa memori kadi. Unampelekea yule jamaa wa kuingiza nyimbo pale stendi, unalipa chochote, anakujazia bongo fleva, mihadhara na juzuu zote 30 za Abdul Basit kwenye kadi moja, na kitochi chako kinakuwa redio ya dini shambani. Hapo kwanza hapakuwa na mapya. Kurani ya kusikilizwa ilikuwepo tangu shekhe wa Misri, Mahmoud Khalil al-Husary, aliporekodi Kurani nzima mwaka 1961, na wazee wetu walifuata na redio, halafu kaseti. Kilichobadilika ni kwamba kaseti ilikuwa ya mzee mwenye redio, na kadi ni yako wewe.

Kisha ikaja simu janja, na hapo sikio likakabidhi kazi kwa jicho. Ndipo mambo yalipogeuka.

Hebu tuyaone mazuri yake kwanza, maana yapo na ni mengi. Dada mmoja wa Katesh, muuza mitumba, alinieleza jambo ambalo mimi mwanamume sikuwahi kulifikiria. Kwa mafundisho aliyolelewa nayo, akiwa katika siku zake hashiki msahafu. Kila mwezi, siku kama sita hivi, kile kitabu kinakaa juu ya kabati kimefungwa kitambaa, na kila akirudi anakuta amesahau alipoishia. Sasa masheikh wengi wa zama hizi wanasema simu si msahafu. Maandishi yale ni mwanga tu, ukiifunga programu yanatoweka, kwa hiyo kuigusa hakuna hukumu ya kuugusa msahafu. Kuhusu kutamka kwa mdomo katika hali hiyo wenyewe bado wanatofautiana, hapo muulize shekhe wako, mimi ni mwandishi wa gazeti. Lakini yule dada anafuatilia kwa macho huku anamsikiliza msomaji kwa spika za masikioni. "Siku hizi sipotezi mahali," aliniambia, na alivyolisema ungedhani amelipwa deni la miaka.

La pili ni tafsiri. Kiswahili tunacho cha kutosha tangu zamani. Ya kwanza kamili aliitoa mmisionari Godfrey Dale mwaka 1923, na unaweza kukisia Waislamu waliipokea vipi tafsiri ya padri. Mwaka 1953 ikatoka ya Waahmadiyya, ya Sheikh Mubarak Ahmad, nayo ikazua mabishano yake. Ndipo Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar akatoa yake yote mwaka 1969, ile nene ambayo ukiingia nyumba ya mzee yeyote wa Kiislamu unaikuta. Na mwaka 1995 ikatoka ya Ali Muhsin al-Barwani, yule waziri wa zamani wa Zanzibar aliyekaa kizuizini huku bara miaka mingi baada ya Mapinduzi ya 1964.

Sasa waulize vijana wa kijiweni, hiyo tafsiri unayoisoma ni ya nani? Wanakuambia, "Ya kwenye simu." Hawajui kwamba mara nyingi wanamsoma Barwani, kwa sababu ndiyo iliyowekwa kwenye hazina ya Tanzil, na programu nyingi huchota humo. Kwenye kitabu jina la mtu lipo kwenye jalada, na maelezo yake yapo chini ya ukurasa, unajua huyu ni Farsy na anabishana na nani. Kwenye simu aya inakuja peke yake kama meseji, haina mwenyewe. Halafu kijana anaikata hiyo aya moja, anaiweka kwenye picha ya machweo, anairusha kundini, na usiku huohuo watu wanatukanana.

Hadithi ndizo zimezidi. Zamani ukitaka kusikia Bukhari kasema nini ilibidi ukae chini ya shekhe. Leo kijana anatafuta neno moja, anapata hadithi tano kwa dakika, na Ijumaa anamsubiri imamu mlangoni na simu mkononi. Kuna imamu aliniambia, kwa unyonge kabisa, kwamba siku hizi akipanda mimbari anaona mwanga wa vioo huko nyuma na hajui kama wanahakiki anachosema au wanaangalia matokeo ya mpira. Mimi nasema wahakiki. Shekhe anayeijua kazi yake haogopi kuhakikiwa. Balaa ni zile nyingine, zisizo na kitabu wala msimulizi, za "tuma kwa watu kumi kabla ya Magharibi upate habari njema". Hizo ukizipata, zifute.

Haya, turudi kwenye lile neno letu.

Tatizo halipo kwenye Kiarabu kilichomo kwenye simu. Kiarabu kipo, kizuri, na mara nyingi ni ileile hati ya Uthman Taha, bingwa wa mwandiko kutoka Syria, ambayo kiwanda cha Mfalme Fahd kule Madina, kilichofunguliwa mwaka 1984, kimeisambaza dunia nzima. Tatizo ni ule mstari wa tatu chini yake, Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini ili mtu asiyejua alifu na be aweze "kusoma". Kijana ambaye hakupita kwa maalim anaukimbilia huo. Tena ule wa kwenye programu nzuri una alama za nukta na vistari, lakini ukishanakiliwa na kurushwa WhatsApp mara ishirini, alama zote zimepukutika kama manyoya ya kuku wa mnada.

Tazama kinachotokea. Kiarabu kina neno linaloanza na ain, "alim", mojawapo ya sifa za Mwenyezi Mungu, maana yake Mwenye kujua. Ndiyo familia ya elimu na maalim. Kina neno jingine linaloanza na hamza tu, "alim", maana yake yenye kuumiza, na mara nyingi hutajwa pamoja na adhabu. Kwa Kiarabu mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuyachanganya. Kwa herufi zetu ni kitu kilekile. Mwenye kujua na chenye kuumiza, a-l-i-m! Moyo ni "qalb", mbwa ni "kalb". Ukiandika kwa mazoea ya Kiswahili vyote vinakuwa k. Usicheke, hata gazeti hili linaandika Kurani kwa k.

Sisi watu wa Kiswahili kwa kweli tumeponzwa na ulimi wetu. Tulilichukua neno la Kiarabu tukalilainisha mpaka likawa letu. Habari, hesabu, haki, yote h moja tu. Arusi ilikuwa na ain, tukaitupa. Ndiyo maana mtoto wa Kiswahili anahangaika madrasa, anaambiwa atoe sauti kutoka kooni anakohoa.

Na hapa, msomaji wangu, ndipo Mbulu inapowapiga chenga watu wa pwani.

Nilifika Mbulu mjini kwa njia ya Dareda, nikaelekezwa kwa ustaadh mmoja, Mrangi wa Kondoa, anayefundisha watoto nyuma ya msikiti. Ana ubao, ana juzuu zilizochakaa, na ana wanafunzi wa kila kabila. Wanaimba ba fataha ba, ba kasra bi, ba dhumma bu. Wakafika kwenye ha, ile inayotoka katikati ya koo kama mtu anayepuliza kioo cha saa ili akifute. Watoto wengi wakaitoa kama h ya hapa. Mmoja, kama wa miaka tisa, mama yake Mwiraqw, akaitoa safi kabisa. Ikafuata ain. Safi. Qaf, ikagonga. Nikamtazama ustaadh.

"Huyo sikumfundisha mimi," akasema. "Mimi hiyo ain ilinichukua miaka miwili na bakora juu. Huyu kaja nayo kutoka kwa mama yake."

Ebo! Nikaanza kuuliza. Kumbe Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, pamoja na Kigorowa cha Babati na Kialagwa cha Kondoa, na sauti hizo wanazo tangu utotoni. Ndiyo maana majina ya huku yamekupa shida siku zote wewe mtangazaji wa redio: Hhayuma, Hhando, Qamara. Unadhani ile h mbili ni urembo? Ile ndiyo ha ya Kiarabu yenyewe, na ndivyo walivyokubaliana kuiandika. Ain yao huandikwa kwa mkwaju, na q yao ni q kweli. Kuna watu mitaani wanasema Wairaqw walitoka Iraq kwa sababu ya jina. Hiyo ni hadithi ya kijiweni, lugha yenyewe inawapeleka upande wa Ethiopia. Sauti zote za Kiarabu hawana, zile nzito kama dhwad wanahangaika nazo kama sisi. Ila koo wanalo.

Sasa fikiria hasara yenyewe. Kijana wa Kiiraqw aliyezaliwa na qaf kooni, anayetofautisha q na k kila anapomwita mjomba wake, anafungua simu anakuta "kul", na kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa hapo, anasoma kul. Anaitupa herufi aliyonayo ili afuate kioo ambacho hakina. Hili ndilo linaloniuma mimi kuliko mambo yote ya simu na dini. Mtu amepewa msahafu mfukoni na amenyang'anywa mdomo.

Nisieleweke vibaya, wapo wanaotafuta dawa humohumo kwenye simu. Ipo programu inaitwa Tarteel, inakusikiliza unasoma, ukiruka neno inakuonyesha. Kwa mwenye kuhifadhi inafaa sana. Na kwa kuhifadhi nina ushauri nilioupata kwa ustaadh yule. Ule msahafu wa Madina una kurasa 604, mistari 15 kila ukurasa, na kila ukurasa unaishia aya inapoishia. Anayehifadhi hukumbuka mpaka mahali, kwamba aya ile ipo juu kushoto, kabla ya kufunua. Ukichagua ile namna ya simu inayomwaga maandishi kama meseji, ukikuza herufi yote yanahama, na kumbukumbu yako inahama nayo. Chagua programu inayoonyesha ukurasa kama ulivyo. Ni jambo dogo, lakini kuna mtu amerudia juzuu moja mwaka mzima kwa sababu ya hilo.

Jingine la haraka. Hizi programu za bure zina wenyewe. Mimi kwa macho yangu nimeona tangazo la kubeti likichomoza katikati ya sura, mwenye simu akalisukuma kwa kidole kama anafukuza nzi. Na Novemba 2020 waandishi wa Marekani walifichua kwamba taarifa za mahali walipo watumiaji wa Muslim Pro, programu ya nyakati za sala yenye mamilioni ya watu, zilikuwa zinafika kwa kampuni ya X-Mode, ambayo nayo wateja wake walikuwemo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro wakatangaza kuvunja uhusiano huo. Kwa hiyo simu ikikuomba ijue ulipo ili ikuonyeshe kibla, kumbuka kwamba kutoka Katesh kibla kipo kaskazini, ukisogea mashariki kidogo tu. Mzee yeyote wa msikitini atakuonyesha kwa kidole, na hatamwambia mtu ulikuwa wapi.

Nimalizie na binti mmoja wa upande wa Haydom. Alisilimu, kwao wote ni Wakristo na wanaishi naye vizuri, msikiti uko mbali. Alianza kama yule kijana wa Katesh, na mstari wa Kilatini. Kisha rafiki yake akamuunganisha na mama mmoja wa Tanga anayefundisha wanawake kwa WhatsApp. Mpango wao ni rahisi. Mama anasoma aya moja, anatuma voisi. Binti anaisikiliza wakati anachambua mboga, anairudia, anatuma yake. Mama anajibu. Majibu mengine nimeyasikia, binti alinichezea: "Hapana, mwanangu, hiyo umeimeza. Tena." Na tena. Na tena. Wiki ya kwanza alimkataza kabisa kutazama herufi za Kilatini, akamwambia azifunike kwa karatasi kama zinamshinda.

Nilimuuliza, je, ile ha na ile ain zilimsumbua? Akacheka. Alisema mwalimu wake alimuuliza siku ya tatu kama amewahi kukaa Uarabuni. Akamjibu hapana, mimi ni Mwiraqw. Mama wa Tanga hakuwahi kusikia Kiiraqw maishani mwake, akamwomba aseme chochote kwa lugha yake. Akamtumia voisi ya bibi yake akifukuza mbuzi kwenye mahindi.

Shida yao ni mtandao. Kuna mahali kwenye kichuguu nyuma ya zizi ndipo unapokaa vizuri, basi jioni anapanda hapo na kanga yake, anatuma, anasubiri. Sauti ikikatika, tha inafika Tanga kama sa, na mama anamrudisha. Mara ya mwisho tulipowasiliana alikuwa ameingia Suratul Mulk, aya ya saba, na mama alikuwa amemrudisha ya nne.

Haya, tukutane wiki ijayo.